Kilomita Kumi kwa Uzi na Rula

Jumapili, 7 Januari

Nimetukanwa. Mezani, mchana kweupe, mbele ya Mama na sahani yangu.

Nilikuwa nimetangaza, kwa utulivu kabisa, kwamba nimejiandikisha kukimbia marathoni ya Aprili. Kilomita arobaini na mbili na ushee. Nilitarajia kimya cha heshima. Kaka akaweka kijiko chini akaniuliza, eti kwa nia njema tu, nimewahi kumaliza nini maishani.

Nikamjibu nimemaliza chuo. Akasema chuo hakihesabiki, kule kuna tarehe ya kufunga. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole. Sweta lenye mkono mmoja (Mama hulifunikia redio). Kifaransa, hadi somo la saba. Gitaa. Shahada ya uzamili: sura mbili na utangulizi mzuri sana. Kozi ya kuogelea. Vidole vya mkono wake vikaisha, akaazima vya mkewe! Wifi akanyoosha mkono juu ya meza, anatabasamu, mumewe anihesabie mapungufu yangu kwenye kucha zake zilizopakwa rangi.

Mama akasema waniache, mtoto ale kwanza. Mtoto! Nina miaka ishirini na saba.

Hawajui kwamba nimekuwa nikikimbia kila asubuhi tangu Juni. Kimyakimya, bila kupima. Walidhani naenda kununua mkate. Ni kweli nilikuwa nanunua na mkate.

Watakiona. Nitamaliza, hata nikifika kwa magoti.

Jumatatu, 8 Januari

Kazi yangu ni kuchora ramani katika ofisi ya upimaji ardhi. Mkuu wetu ni Mkaguzi, mzee mpole mwenye kalamu nyekundu. Hapazi sauti. Akiona kosa huandika neno moja pembeni: Rudia. Miaka mitatu nimefanya naye kazi, na sasa hahitaji hata kuwepo. Ameingia kichwani. Nikifunga kamba za viatu: Rudia. Nikisema nitakimbia marathoni: Rudia. Huyu wa kichwani namwita Mkaguzi Mdogo, na ndiye adui yangu halisi. Kaka ni msaidizi wake tu.

Vita vinahitaji ramani. Nimemwomba Mzee Kopi, ambaye ameendesha mashine yetu ya kopi tangu sijazaliwa, anitolee ramani ya mji ienee kwenye ukuta wa chumba changu, kati ya kalenda na swichi ya taa. Akanitolea. Imeenea kama imeshonewa pale! Ukingo wa chini ulikuwa unafunika swichi, nikaukata kwa mkasi. Juu pameandikwa kipimo: 1:20,000. Yaani sentimita moja ya karatasi ni mita mia mbili za ardhi.

Nikachukua uzi. Kutoka geti letu, kupita soko, hospitali, daraja, kiwanda cha matofali, kurudi kwa njia ya shule hadi getini. Nikaunyoosha uzi kwenye rula. Sentimita hamsini kamili. Kilomita kumi kamili! Hakuna hata milimita ya kupoteza. Kama hiyo si ishara, sijui ishara ni nini.

Jumamosi, 13 Januari

Saa moja na dakika thelathini na nane.

Kwa kilomita kumi! Gazetini niliwahi kusoma habari za bibi mwenye wajukuu tisa aliyezikimbia kwa saa moja na dakika kumi. Wajukuu tisa! Mimi sina hata paka.

Wifi alinifuata bila kualikwa. Viatu vya zambarau, na ile saa ya mkononi aliyopewa na Kaka, inayohesabu hatua, mapigo ya moyo na usingizi. Aliongea njia nzima. Kwenye daraja alikuwa bado anasimulia harusi ya binamu yake. Tulipofika getini alitazama saa akapiga kelele kwamba wifi, tumekimbia kumi na nne!

Nikamweleza kwa subira. Saa yake ni kitu cha kuchezea kinachosikiliza setilaiti. Ramani imepimwa na watu wazima waliotembea juani na vyombo vyao. Akasema sawa, lakini wifi, na miguu yangu nayo inasema kumi na nne.

Miguu si chombo cha upimaji.

Jumamosi, 20 Januari

Nimesoma kitabu cha kujiamini. Kurasa mia mbili kusema jambo la aya moja: shaka ni sauti tu, nawe una sauti, ijibu. Sawa. Mimi nitaijibu kwa maandishi.

Nimechapa karatasi kumi, herufi nene, kila moja ndani ya plastiki kwa ajili ya mvua: UNAWEZA. Asubuhi hii nimezibandika kwenye nguzo za umeme, moja kila kilomita kwa mujibu wa ramani. Kila nikichoka nitakutana na neno langu mwenyewe. Mkaguzi Mdogo hana plastiki. Atalowa.

Jumanne, 6 Februari

Watu hawana adabu!

Nguzo ya kwanza, mtu ameandika chini kwa kalamu: Naweza nini? Chini yake, mwandiko mwingine: Tulijaribu. Nguzo ya pili, kabla ya hospitali, fundi rangi ameongeza mstari wake kwa brashi, tena kwa mwandiko mzuri kuliko chapa yangu: UNAWEZA kupakiwa rangi nyumba nzima kwa siku mbili. Na namba ya simu. Nguzo ya saba, hakuna kitu. Karatasi nimeikuta kwenye kibanda cha mlinzi wa kiwanda cha matofali. Ameziba nayo dirisha lililovunjika kioo. Nikamwambia ile ni mali yangu. Akasema ahsante sana dada, imenisaidia mno, sasa baridi haipiti.

Muda wa leo: saa moja na dakika thelathini na saba. Nimepunguza dakika moja tangu Januari. Kwa mwendo huu nitakuwa mkimbiaji wa kawaida baada ya miaka mitatu.

Kitabu kinashauri pia kuorodhesha shaka zote na kuzijibu moja moja. Nimeorodhesha ofisini wakati wa mapumziko. Thelathini na moja. Namba 1: Mimi si mtu wa kumaliza. Namba 9: Mapafu yangu ni ya mtu wa kusoma. Namba 17: Wakimbiaji wote wanajua kitu ambacho mimi sijaambiwa. Namba 31: Hata orodha hii sitaimaliza kuijibu. Nimejibu nne, mapumziko yakaisha.

Halafu nikaisahau mezani nyumbani. Wifi akaisoma yote! Nilimkuta anatikisa kichwa. Akasema wifi, jamani, hizi ni zangu hizi, umezitoa wapi? Akaomba ainakili. Mtu anayecheka hadi anapopiga mswaki, ana shaka gani? Nikamnyang'anya. Watu wengine hawawezi kuona mwenzao ana kitu, hata kama kitu chenyewe ni wasiwasi.

Jumamosi, 23 Machi

Siku ya jaribio kubwa. Ratiba ya mazoezi inasema kilomita thelathini, wiki tatu kabla ya mbio. Kwangu hiyo ni mizunguko mitatu.

Wifi akanivisha saa yake kwa nguvu. Alisema atakaa getini na ndoo ya maji, na saa itamwonyesha moyo wangu ulivyokwenda. Nikaishushia mkono wa fulana nisiione. Sikutaka kudanganywa na mkono wangu mwenyewe.

Mzunguko wa kwanza, vizuri. Wa pili, Mkaguzi Mdogo alinifuata kutoka sokoni mpaka shuleni akisoma orodha yangu kwa sauti, tena kwa mpangilio. Wa tatu, nilipofika kiwanda cha matofali nikakaa juu ya rundo la matofali, basi. Niliamua maisha yangu yaliyobaki nitayaishi pale. Mlinzi akatoka kibandani. Alinyoosha kidole dirishani kwake: UNAWEZA.

Kejeli ya namna ile sijawahi kuiona. Nikainuka kwa hasira tupu.

Geti. Masaa manne na dakika hamsini na saba. Nikalala chini kando ya ndoo. Wifi akaukamata mkono wangu, akaifunua saa, akaanza kurukaruka. Arobaini na mbili nukta nne! Wifi umemaliza marathoni! Umeshamaliza! Mama eee, njoo umwone!

Nikamwambia, nikiwa bado nimelala, kwamba kumi mara tatu ni thelathini tangu dunia ianze. Akasema lakini saa. Nikamwambia saa yake inaongeza chumvi kama mwenyewe.

Akanivua saa polepole akaingia ndani. Nilimsikia akimwambia Mama kwamba ameihifadhi kwenye simu hata kama sitaki, iko siku. Iko siku gani? Masaa matano kasoro kwa kilomita thelathini! Mtu anaweza kutembea hivyo huku anaongea na simu.

Jumapili, 24 Machi

Nashuka ngazi kinyumenyume. Kucha mbili za miguu zimegeuka nyeusi. Mama amezikagua akauliza kama hizi nazo zitakua au ndiyo basi.

Nimepiga hesabu. Kwa kasi ya jana, marathoni nzima ni karibu masaa saba. Barabara zinafunguliwa kwa magari baada ya masaa sita. Nitamalizia kwenye foleni! Nitasimama kwenye taa nyekundu!

Nilimsubiri Mkaguzi Mdogo aseme Rudia. Hakusema. Alisema neno ambalo hajawahi kulitumia: Acha.

Nililia kidogo. Nusu saa tu.

Jumanne, 26 Machi

Nimepata njia ya kuacha bila kuacha. Nashangaa nilivyo na akili.

Njia ya mbio ilipimwa na ofisi yetu. Kwa hiyo siku ya mbio kuna kazi. Kwa hiyo ninaweza kuwa kazini. Nikaenda kwa Mkaguzi, yule halisi, nikaomba nipangwe. Akasema watu wametosha. Nikasisitiza. Akanitazama juu ya miwani akauliza kama mimi si mmoja wa wakimbiaji. Nikasema wajibu kwanza. Akaandika jina langu: msimamizi wa njia, ubao wa kilomita ya thelathini.

Thelathini! Kati ya mbao zote!

Nyumbani nikatangaza kwa huzuni kwamba ofisi imenihitaji, sina la kufanya, na kwamba namba yangu ya kifuani namzawadia Wifi, maana naye amekimbia nami mizunguko mingi. Leo ilikuwa siku ya mwisho ya kubadili majina na nimeshabadili. Wifi alinikumbatia akalia mpaka bega langu likalowa. Akasema hataweza. Nikamwambia bila shaka ataweza. Ni maneno tu, hayanigharimu kitu. Mama akasema nina moyo mkubwa.

Kaka alitazama vidole vyake.

Ijumaa, 12 Aprili

Nitaandika kwa mpangilio.

Leo Mkaguzi alinipa ramani ya mwisho ya njia ya mbio niipitie kabla haijatumwa. Nikaipitia, na moyo wangu ukaruka kwa furaha. Kosa! Mkaguzi amekosea! Kutoka daraja hadi kiwanda cha matofali njia ya mbio inafuata barabara yangu ileile, na yeye ameandika kilomita mbili nukta nane. Ile ni mbili! Nimeikimbia tangu Januari, naijua kwa visigino. Nikachukua kalamu nyekundu. Miaka mitatu nimeisubiri siku hii. Nikaandika pembeni, kwa herufi nzuri, Rudia, nikampelekea mezani.

Hakukasirika. Aliuliza nimepimia wapi. Nikamwambia ukutani kwangu. Akaniomba niilete. Wakati wa mapumziko nikaenda nyumbani, nikaibandua, nikarudi mbio.

Akaiweka ramani yangu juu ya ramani halisi, pembe kwa pembe. Hospitali haikukutana na hospitali. Daraja halikukutana na daraja. Mji wangu wote ulikaa ndani ya mji wa kweli kama mtoto ndani ya koti la baba yake. Mkaguzi akauliza mstari wa kipimo uko wapi, ule wa chini unaopungua pamoja na ramani. Nikasema nilikata, ulikuwa unafunika swichi.

Hakuandika Rudia. Alinyoosha mkono kuelekea kwenye mashine ya kopi. Ukutani pale pana tangazo: USIPIME UMBALI KWENYE KOPI BILA MSTARI WA KIPIMO. Chini yake pana sahihi. Sahihi ni yangu. Nililibandika mwenyewe mwaka juzi, kwa ajili ya wanafunzi wa mazoezi!

Nikamvamia Mzee Kopi. Akasema kwani si niliomba ienee kati ya kalenda na swichi? Ilikuwa kubwa, akaipunguza hadi asilimia sabini na moja. Akauliza kama haikuenea.

Ilienea.

Nikachukua uzi, nikapima upya mzunguko wangu kwenye ramani halisi. Sentimita sabini nukta saba. Kilomita kumi na nne na kidogo. Mzunguko mmoja, saa moja na dakika thelathini na nane: si vibaya hata kidogo. Mara tatu.

Mara tatu ni arobaini na mbili nukta nne.

Nilikaa kwenye kiti cha Mzee Kopi. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia nimemaliza marathoni, tarehe ishirini na tatu Machi, na sikuwepo.

Jumamosi, 13 Aprili

Nataka namba yangu! Mbio ni kesho!

Wifi angenirudishia. Namjua. Angeivua hata akiwa kwenye mstari wa kuanzia, na waandaaji angewaangukia miguuni mwenyewe. Ila ningelazimika kumwambia sababu, na sababu ni sentensi moja: Saa yako ilikuwa sahihi. Nimeijaribu mbele ya kioo. Inafika kwenye meno, inarudi.

Nikajaribu njia za pembeni. Nikamwambia kesho kutakuwa na jua kali. Akasema atavaa kofia. Nikamwambia nimeota njia imejaa mbwa. Akasema anapenda mbwa. Nikamuuliza kwa upole kama kweli anajiamini, nikitegemea kwa mara ya kwanza shaka iwe upande wangu. Akasema hajiamini hata kidogo, wifi, ila wewe ulisema nitaweza, na wewe husemi ovyo.

Mama amemshonea jina lake mgongoni. Jina lote, na ua.

Nalala saa mbili hii. Kwa hasira.

Jumapili, 14 Aprili

Nilisimama kwenye ubao wangu tangu alfajiri. Kizibao cha rangi ya machungwa, bendera, kikombe cha maji ambacho si cha wakimbiaji. Ubao umeandikwa 30. Nilijua, kwa vipimo vya kweli sasa, kwamba nilipita umbali huu Machi bila hata kugeuka kuuangalia.

Walipita wepesi. Walipita wa kawaida. Alipita mwanamume aliyevaa kama ndizi! Na mimi nimeshika bendera!

Saa nne kasoro akaja Wifi. Anatembea. Ua la Mama limening'inia kwa uzi mmoja. Alipouona ubao akaushika kwa mikono miwili akaanza kulia. Akasema basi. Akasema yeye si mtu wa kumaliza.

Hiyo ni namba 1! Neno kwa neno!

Nikamjibu kwamba upuuzi, na atoke kwenye ubao wa serikali. Akasema mapafu yake si ya mbio. Namba 9, imebadilishwa kidogo. Akasema wenzake wote wanajua kitu ambacho yeye hajui. Nikashikwa na hasira ambayo sijawahi kuisikia. Aliniibia orodha yangu yote akaja kuililia kwenye ubao wangu! Nikamshika mkono nikamwambia twende, namba 17 nitakujibu tukiwa njiani.

Na nikamjibu. Zote. Nilizojibu ofisini zilikuwa nne. Leo nilijibu thelathini na moja, kwa sauti, mbele za watu, nikikimbia na kizibao. Namba 17: hakuna wanachojua, yule pale amevaa kama ndizi. Namba 22, kwamba watu watacheka: wacheke, sisi tutakuwa tumeshapita. Nyingine nilizijibu vibaya. Kwa namba 26 nilimwambia tu anyamaze.

Kilomita ya thelathini na nane akasimama tena. Hakulia sasa, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Akasema wifi, unasema tu. Utajuaje kama mtu kama sisi anaweza kufika? Umewahi?

Nikasema ndiyo! Nilifika! Machi, mizunguko mitatu, arobaini na mbili nukta nne, kopi ilipunguzwa, saa yako ilikuwa sahihi!

Ikatoka. Yote. Barabarani, mbele ya polisi na wauza maji.

Wifi akanitazama mdomo wazi. Kisha akaanza kucheka, kile kicheko chake cha kwenye mswaki. Akacheka mpaka akainama. Halafu akaanza kukimbia! Akiwa bado anacheka! Nilipata shida kumfikia. Njia nzima alikuwa akigeuka kuniambia, rudia, wifi, rudia tena, saa yangu ilikuwa je?

Tuliuona mstari wa mwisho. Watu, ngoma, Mama juu ya kiti. Mita hamsini. Mtu mwenye redio ya mkononi akanishika kizibao. Akauliza namba yangu iko wapi. Akasema wasimamizi hawavuki mstari. Nikamwambia nimekimbia kilomita kumi na mbili leo, na arobaini na mbili Machi, kwa hiyo mimi ndiye niliyezidisha. Akasema dada, tafadhali, simama kando.

Wifi akamaliza. Nilimwona kupitia bega la yule mtu.

Mita hamsini! Hiyo ni robo ya sentimita! Kwenye ramani ningeifunika kwa kidole!

Jumatatu, 15 Aprili

Nimepewa barua ya kujieleza kwa kuacha kituo cha kazi. Ubao wa thelathini ulikutwa peke yake, umeegemewa na ndizi mwingine anayetapika. Mkaguzi mwenyewe aliniletea barua. Chini ameongeza kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko mdogo: Hongera. Sijui anakejeli au vipi. Nitamuuliza kwa maandishi.

Mezani jana jioni Wifi aliwaonyesha wote simu yake. Tarehe, njia, mizunguko mitatu, umbali. Mama akaipitisha simu mkono kwa mkono kama picha ya mtoto mchanga. Kaka akaitazama muda mrefu. Kisha akasema amefuta kauli yake, na kwamba hajui kama yeye mwenyewe angeweza. Alisema kwa kweli kabisa, macho yake yamelowa. Wifi akanivisha medali yake akasema ni ya wote wawili, tubadilishane kila wiki.

Ningepaswa kufurahi. Lakini nawauliza: mimi nikisema kwa uzi na rula hawaniamini, saa ikisema wanalia? Ni familia ya namna gani hii?

Halafu Kaka akaongeza kwamba, tukiwa wakweli, zile mita hamsini za jana sikuzimaliza.

Akakunja kidole kimoja.

Jumamosi, 27 Aprili

Nimejiandikisha upya. Mbio za mwakani. Safari hii hakuna makosa.

Wifi alinipa saa yake, kabisa, niwe nayo. Nikakataa kwa heshima. Mpimaji hapimiwi. Nilichohitaji ni ramani nzuri tu, na juzi nilimwambia Mzee Kopi waziwazi, mbele ya lile tangazo: nataka kopi mpya, na nisisikie kwamba imepunguzwa hata chembe. Maskini, bado ana aibu ya Januari. Aliweka mkono kifuani akaapa: binti yangu, hii haijapunguzwa hata chembe. Na kweli! Imetoka kubwa, safi, majina ya mitaa yanasomeka kutoka kitandani. Imejaza ukuta mzima. Nimehamisha kalenda. Ukingo wa chini uligusa mto wa kitandani, nikaukata.

Uzi. Rula. Sentimita hamsini. Kilomita kumi ni kutoka getini hadi hospitali na kurudi tu. Nilikuwa sijui kwamba hospitali iko mbali hivyo.

Leo asubuhi nimekimbia. Dakika arobaini na tisa!

Arobaini na tisa, kwa kilomita kumi! Kutoka saa moja na dakika thelathini na nane! Nilipita nguzo ya fundi rangi kama upepo. Mkaguzi Mdogo yuko kimya. Nimemsikiliza mchana kutwa, hayupo, amehama. Hivi ndivyo shaka inavyoshindwa: kwa bidii na vipimo sahihi. Mezani nimetangaza kwamba mwakani nitamaliza kwa masaa matatu na nusu, na kwamba yeyote asiyeamini aandike jina lake kwenye karatasi. Kaka ameandika. Nimeihifadhi.

Wifi alikimbia nami, medali shingoni, wiki hii ni zamu yake. Tulipofika getini alitazama saa. Akaitikisa, akaitazama tena. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayempa mgonjwa habari, kwamba wifi, hii inasema saba.

Saba! Kwanza iliongeza, sasa inapunguza!

Nimemshauri aipeleke kwa fundi.